Barua ya wazi kwa uongozi wa kiwanda: hewa mmepima, ngozi zetu je?

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji, Meneja Uzalishaji, na Afisa Afya na Usalama Kazini

YAH: TATHMINI YA KEMIKALI ZINAZOGUSA NGOZI ZA WAFANYAKAZI

Waheshimiwa,

Kwanza salamu na heshima zenu. Hii barua naiweka hadharani sio kwamba napenda makelele, ni kwa sababu njia za ndani zote tumeshazipita, supavaiza ameambiwa, ofisi ya usalama imeandikiwa, kwenye vikao jambo limetajwa mpaka likaingia kwenye muhtasari, na jibu kila mara ni lile lile, "tumelipokea, linafanyiwa kazi". Na wakati linafanyiwa kazi watu mikono inazidi kupasuka. Jina la kiwanda sitaji wala la mtu yeyote, sina nia ya kumchafua mtu, nataka tu jambo lijibiwe kwa vitendo.

Naandika kwa niaba ya wenzangu wa sehemu ya kuchanganya resini (kimiminika kizito kinachoganda kuwa kigumu) na rangi, wanaosafisha mashine, mafundi wa matengenezo, na vibarua wanaobeba madumu, ambao mara nyingi hata kwenye orodha ya watu wanaogusa kemikali hawamo.

Malalamiko yetu yote yanatoka sehemu moja: ile tathmini ya hatari iliyoko kwenye faili haijaitathmini ngozi. Hewa imeongelewa kurasa na kurasa, ikifika kwenye ngozi kuna mstari mmoja tu, "wafanyakazi wavae glavu". Huo mstari ni agizo, na limetolewa kabla hata mtu hajajua hatari yenyewe ni ipi.

Sasa twende hoja kwa hoja.

1. Mmepima hewa mkaona imetosha

Wapimaji walikuja, tukavalishwa vile vidude kwenye kola, majibu yakarudi kwamba mvuke uko chini ya kikomo. Tulishukuru na tunashukuru mpaka leo. Lakini kile kidude kinapima kinachoingia puani, hakijui chochote kuhusu kilichomwagika kwenye kiwiko.

Na hili sio jambo nimelitunga. Kwenye zile orodha za viwango vya kemikali hewani ambazo Marekani na Uingereza wanazitumia, baadhi ya kemikali pembeni ya jina zimewekewa alama ya ngozi. Alama hiyo inamwambia mtaalamu kwamba hii kitu inapenya kwenye ngozi kiasi cha kuongeza sumu mwilini, kwahiyo kupima hewa peke yake hakukupi picha kamili. Fenoli ina hiyo alama, anilini inayo, methanoli inayo, dimethilifomamaidi nayo inayo. Yani hewa inaweza ikasoma vizuri kabisa na mtu bado anakunywa sumu kupitia mikono. Alafu kuna vitu kama resini ya epoksi ambavyo havitoi mvuke wa maana, hewani utapata karibu sifuri, ila nenda kaangalie mpini wa mashine ya kukorogea, kaangalie vali, kaangalie kitasa cha mlango wa stoo.

Najua ugumu uko wapi. Hewa ina namba, ukizidi umezidi, ngozi kwa sehemu kubwa haina namba ya kikomo ya namna hiyo. Sasa kukosa namba ndio kumefanya hoja nzima iachwe, wakati ilitakiwa ndo iangaliwe kwa makini zaidi.

2. Aliyeandika tathmini hakuja kuangalia kazi inavyofanyika

Hapa nitakaa kidogo maana ndo kiini cha barua.

Ngozi ya mtu mzima ina eneo la karibu mita za mraba 1.5 mpaka 2, na lile tabaka la juu kabisa linalozuia vitu kuingia, ukiacha viganja na nyayo, ni jembamba kuliko karatasi. Likiwa zima linafanya kazi nzuri sana. Likiwa limelowa muda mrefu, limechubuka, au limekaushwa mafuta yake na thina, linapitisha vitu kirahisi zaidi. Kwahiyo ukitaka kujua hatari huwezi kuuliza kemikali gani peke yake, unauliza inagusa wapi, eneo kubwa kiasi gani, ngozi ikiwa kwenye hali gani, inakaa muda gani na inajirudia mara ngapi kwa shifti.

Kwenye fomu yenu kazi ya kumimina hadina (kemikali ya kugandisha resini) imeandikwa inachukua "dakika chache". Kumimina ni dakika chache kweli. Lakini tone lililoruka mkononi haliondoki kwa sababu kazi imeisha, linaendelea kupenya mpaka litakapooshwa, na kama bomba la maji liko upande wa pili wa jengo na mashine haisimami basi hilo tone litakaa mpaka chakula cha mchana. Kwa ngozi muda unahesabiwa kuanzia inapogusa mpaka inapotoka.

Sehemu ya mwili nayo ina maana yake. Mwaka 1967 watafiti wawili, Feldmann na Maibach, walichapisha vipimo vya dawa ya haidrokotizoni iliyopakwa sehemu tofauti za mwili, wakakuta paji la uso linapitisha karibu mara 6 ya mkono chini ya kiwiko, na ngozi ya korodani karibu mara 42. Sio kila kemikali itafuata namba hizo hizo, lakini funzo lake liko wazi, mwili haupitishi sawa kila mahali. Na hili ni jambo la zamani sana, mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London aliandika kuhusu saratani ya korodani kwa wasafisha dohani, masizi yalikuwa yanaganda kwenye mikunjo ya ngozi. Sasa nawauliza kwa heshima, kwenye kiwanda chetu mtu anatoka kwenye pipa anaenda msalani, sabuni ya kunawa IKO BAADA ya choo, kabla hakuna hata bomba. Nani aliliona hilo? Hakuna, maana hakuna aliyesimama pale kuangalia.

Angesimama angeona mengi. Angeona kwamba kuchovya mikono sio njia pekee, kuna kurukiwa, kuna ukungu wa kupuliza rangi unaotua shingoni na usoni, na kuna hii ya kimya kimya ya kushika vilivyochafuka tayari: kalamu ya kusainia, simu ya ofisi ya shifti, usukani wa foklifti. Angeona fundi anafungua pampu iliyojaa mabaki, kazi ambayo haipo kwenye tathmini kabisa kwa sababu "sio ya kila siku", wakati siku inayofanyika ndio siku mtu anaoga kemikali. Angeona mama wa usafi anafuta sakafu na tambara mikono mitupu. Angeona ovaroli zilizolowa zinarudi nyumbani kwenye mfuko na kufuliwa pamoja na nguo za watoto. Ovaroli iliyolowa thina ikibana paja ni mbaya kuliko paja tupu, tupu ingekauka, iliyofunikwa inasukumwa ndani.

3. Glavu mnazotupa hazijachaguliwa, zimenunuliwa tu

Najua jibu la kwanza litakuwa hili, "glavu tunatoa kila wiki". Mnatoa, ni kweli. Swali letu ni glavu za nini?

Naomba niwakumbushe habari ya Karen Wetterhahn, profesa wa kemia chuo cha Dartmouth, Marekani. Agosti 1996 alikuwa maabara akifanya kazi na dimethilimekuri, kemikali ya zebaki yenye sumu kali, amevaa glavu za latex kama utaratibu wa wakati ule ulivyokuwa, matone machache yakamdondokea juu ya glavu. Hakuona kitu. Miezi ikapita ndo mwili ukaanza kuyumba, akafariki Juni 1997. Walipokuja kuzipima zile glavu wakakuta kemikali ile inapita kwenye latex ndani ya sekunde chache, na glavu haitoboki wala haionyeshi dalili yoyote. Sisemi tuna dimethilimekuri hapa. Nasema mtaalamu mkubwa, mwangalifu, mwenye glavu mkononi, alikosa kitu kimoja tu: kujua kama ile glavu inaizuia ile kemikali.

Hakuna glavu ya kila kitu. Glavu ya nitraili inahimili mafuta na grisi vizuri lakini asetoni inaipita haraka. Ya butaili inahimili asetoni ila toluini, kiyeyusho kingine, inaishinda. Latex na vitu vya jamii ya petroli haviendani kabisa. Na thina tunayotumia ni mchanganyiko, ina hiki na kile, kwahiyo glavu inayofaa nusu ya mchanganyiko haitufai. Kiwango cha kimataifa cha ISO 374 kinapanga glavu kwa muda ambao kemikali inachukua kupenya, daraja la chini ni zaidi ya dakika 10 na la juu ni zaidi ya dakika 480, taarifa zipo, mtengenezaji anatoa, ni kuomba tu. Sisi tunapewa zile nyembamba za boksi, saizi moja kwa wote, na tunaambiwa zitumike mpaka zichanike. Glavu iliyokwisha kunywa kemikali jana haisafishiki kwa kulala kabatini, usiku kucha kemikali inaendelea kusogea kwenda ndani, asubuhi unaivaa mkono unakutana nayo.

"Wafanyakazi wenyewe hawavai." Nalo tunalisikia sana. Wengine hawavai, siwezi kukataa, lakini jaribuni kushika nati ndogo na glavu iliyozidi vidole, mkono umelowa jasho ndani tangu asubuhi. Mtu akivua glavu kila siku kwenye kazi ile ile, hiyo ni taarifa kwenu kwamba glavu na kazi haviendani, na tathmini nzuri ingelisema hilo badala ya kutoa barua za onyo.

4. Maji, sabuni na thina ya kunawia havijahesabiwa kama hatari

Watu wa usafi na wa kuoshea vyombo vya kuchanganyia mikono yao iko kwenye maji karibu shifti nzima. Kanuni za Ujerumani zimetumia kwa muda mrefu kipimo cha saa 2 kwa siku za mikono kuwa kwenye maji kama dalili kwamba hiyo ni kazi ya unyevu na lazima itathminiwe. Kwetu maji hayahesabiki kama kitu. Alafu mwisho wa kazi, kwa kuwa sabuni haitoi resini, watu wananawa na thina, na mabosi wa shifti wanaona. Thina inaondoa resini pamoja na mafuta ya ngozi, hapo umeshafungua mlango wa kesho.

5. Ugonjwa wa ngozi unachukuliwa kama tatizo la mtu binafsi

Mwenzetu akionyesha vidole anaambiwa ana ngozi nyepesi, au ni sabuni ya nyumbani, au akapake mafuta. Na mmesema kwenye kikao "hakuna aliyelazwa". Waheshimiwa, pumu ya ngozi ya kazini hailazi mtu hospitali, inamnyang'anya kazi taratibu.

Iko ya aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya kuchomwa na kuchubuliwa kidogo kidogo, ndio ya watu wengi, inatokana na maji, sabuni, thina, inachukua wiki au miezi mpaka ngozi inashindwa. Ya pili ni ya mzio, hii inatisha zaidi. Mtu anaweza kushika epoksi muda mrefu bila shida alafu siku moja mwili unaikataa, na ukishaikataa kwa kawaida ni ya maisha, chembe kidogo tu inamwasha. Inajitokeza siku moja mpaka tatu baada ya kugusa ndo maana watu hawaunganishi na kazi. Lakini kuna kipimo rahisi ambacho hata supavaiza anaweza kukiuliza: ukienda likizo inapungua? ukirudi inarudi? Hapa kwetu jibu la wengi ni ndiyo na ndiyo, na hakuna daftari lolote lililoandika.

Kwa wanaopuliza rangi zenye isosayaneti (kemikali inayogandisha baadhi ya rangi) naongeza moja, kuna ushahidi kwamba kuigusa kwa ngozi kunaweza kuchangia mtu kupata mzio ambao baadae unakuja kama pumu ya kifua. Kwahiyo hata mkijali mapafu tu, ngozi bado inawahusu.

6. Siku ya ajali hatuko tayari

Kwenye stoo kuna dawa ya kuondolea kutu yenye asidi ya haidrofloriki, lebo inasema yenyewe. Asidi hii ikiwa nyepesi haichomi papo hapo, maumivu yanaweza kuchelewa masaa mengi, na huku nyuma inaingia ndani inashambulia kalsiamu ya mwili mpaka moyo unaweza kuathirika. Mtu anatakiwa aoshwe kwa maji mengi mara moja, apakwe jeli ya kalsiamu glukoneti, akimbizwe hospitali hata kama anasema hasikii kitu. Jeli kwenye sanduku la huduma ya kwanza HAIPO. Bafu la dharura lipo lakini mbele yake pamepangwa mapipa. Hili halihitaji kikao wala bajeti, linahitaji mtu aje leo asogeze mapipa.

Tunachoomba

Fanyeni upya tathmini ya ngozi, kazi kwa kazi, na muifanye pale kazi inapofanyika. Anzeni na orodha ya kemikali zote pamoja na za usafi na za matengenezo, kila moja na karatasi yake ya usalama, na msome sehemu ya 2, ya 8 na ya 11 hasa. Lebo zenye namba za tahadhari H310, H311 au H312 zinaongelea sumu inayoingia kwa ngozi, H314 ni kuungua, H315 ni muwasho, H317 ni mzio. Hizo ndo ziende mbele ya foleni. Ila msiishie kwenye karatasi, kaeni na sisi shifti nzima, ya usiku pia, mtuulize wapi inaturukia.

Kama mnataka kuona kwa macho, kuna rangi ya majaribio inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno, inachanganywa kwenye kimiminika kisicho na madhara kinachowekwa badala ya kemikali, watu wanafanya kazi kama kawaida alafu taa inawashwa, unaona doa lilipofika, shingoni, ndani ya glavu, kwenye kitasa. Pia kuna kufuta sehemu na kupeleka maabara, na kwa zile zinazopenya mwilini kuna kupima mkojo, kwa ridhaa ya mtu na majibu yake yawe siri yake.

Alafu hatua zifuate mpangilio unaojulikana, glavu iwe ya mwisho. Kwanza ondoeni au badilisheni kemikali. Hili linawezekana, Denmark mwanzoni mwa miaka ya 1980 walianza kuweka salfeti ya chuma kwenye saruji ili kupunguza kromiamu inayoleta mzio, mzio huo kwa mafundi ukapungua, na Umoja wa Ulaya wakaja kuweka kikomo cha sehemu 2 kwa milioni kuanzia 2005. Mafundi wale hawakufundishwa kuwa waangalifu zaidi, saruji ndo ilibadilishwa. Kwetu pampu badala ya ndoo, brashi za mpini mrefu, mabomba ya kunawa karibu na mashine na kabla ya vyoo, krimu ya kusafishia resini badala ya thina, na ovaroli zifuliwe hapa hapa kazini. Baada ya hapo ndo tuongee glavu, za aina sahihi, saizi tofauti, na muda wa kuzibadilisha uandikwe.

Tunaomba pia ukaguzi wa ngozi wa mara kwa mara kwa wote, vibarua wakiwemo, na ahadi ya maandishi kwamba anayeonyesha vidole hataondolewa kazini kwa sababu hiyo. Hili la mwisho ndilo linalofanya wengi wafiche mikono mfukoni.

Mkisema gharama, nawaelewa, ila wekeni na upande wa pili wa hesabu: mchanganyaji mzoefu akipata mzio wa epoksi hawezi tena kurudi kwenye ile kazi, na kumfundisha mwingine mnajua wenyewe inachukua muda gani. Na huyo mwingine mtamweka kwenye pipa lile lile.

Wala hatuombi fadhila. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 170 wa mwaka 1990 kuhusu kemikali unamtaka mwajiri atathmini jinsi wafanyakazi wanavyofikiwa na kemikali, na unampa mfanyakazi haki ya kujua anachoshika na kujiondoa kwenye hatari kubwa ya papo kwa papo. Na mwezi Juni 2022 mkutano wa shirika hilo uliiweka mazingira salama na yenye afya kazini kuwa moja ya haki za msingi kabisa.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30, yabandikwe kwenye ubao wa matangazo, yakiwa na jina la anayesimamia na tarehe ya kuanza. Kwenye timu ya tathmini tunaomba wawepo wafanyakazi watatu tutakaowachagua wenyewe: mmoja wa kuchanganya, mmoja wa usafi, mmoja wa matengenezo. Mapipa mbele ya bafu la dharura na jeli ya kalsiamu tunaomba visisubiri hizo siku 30. Zikipita bila jibu tutapeleka nakala ya barua hii na picha za mikono, kwa ruhusa ya wenyewe, kwa mkaguzi wa kazi.

Wenu katika kazi,

Mfanyakazi wa sehemu ya kuchanganya, kwa niaba ya wenzangu